Kilomita si Saa: Rekodi za Safari za Anga Zikipimwa kutoka Mgololo

Kiwanja cha ndege kilicho mbali kuliko vyote na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kipo Kiritimati, kisiwa cha nchi ya Kiribati katikati ya bahari ya Pasifiki. Nimepiga hesabu kutoka kiwanja cha Songwe, Mbeya, nikapata takribani kilomita 18,600 kwa mstari wa angani. Kinachofuata kwa karibu ni kiwanja cha Hilo, Hawaii, kilomita 18,500 hivi. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna pahali panapoweza kuwa mbali nawe kwa zaidi ya nusu yake. Ukivuka hapo, kila kilomita unayoongeza inakurudisha nyumbani kwa upande wa pili. Na upande wa pili wa dunia, ukilinganisha na mtu aliyesimama Mgololo kwenye misitu ya Mufindi, ni maji matupu: hakuna kijiji, hakuna mwamba, hakuna hata kisiwa cha ndege wa baharini.

Viwanja hivyo viwili vya Pasifiki vina jambo ambalo limenivutia kuliko hizo kilomita. Saa sita mchana ya Jumamosi ikigonga Mbeya, Kiritimati ni saa tano usiku wa Jumamosi. Kule Hilo nako ni saa tano usiku, ila ni usiku wa Ijumaa. Saa ya ukutani ni ileile, kalenda zimepishana siku nzima, na umbali kutoka kwetu unakaribia kuwa sawa. Kiribati imejiwekea saa kumi na nne mbele ya saa ya Greenwich, Hawaii ipo saa kumi nyuma yake, na mstari wa tarehe unapita katikati yao. Abiria kutoka Mbeya anayekwenda Hawaii kwa njia ya mashariki anaweza kutua tarehe moja nyuma ya ile aliyokuwa nayo saa chache kabla.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu orodha nyingi za rekodi za ndege hupanga kilomita tu, kana kwamba kilomita ndizo safari. Mimi naona kinyume. Kilomita ni mali ya ramani, lakini saa ni mali ya msafiri, na anayeishi Mgololo analijua hilo kuliko anayeishi karibu na uwanja mkubwa. Kwa hiyo rekodi ninazozitaja hapa nimezipima kwa vipimo vyote viwili, na pale vinapogombana nimekuwa upande wa saa.

Ndefu kuliko zote

Safari ya abiria iliyo ndefu kuliko zote kwa sasa ni ya Singapore Airlines, kutoka Singapore hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York: kilomita 15,300 na ushei, zaidi ya saa kumi na nane hewani bila kutua. Inafanywa na Airbus A350-900ULR, ndege iliyoongezewa nafasi ya mafuta na kupunguziwa idadi ya viti. Hata ndege hiyo, ukiijaza mafuta na kuipa abiria wa kawaida, haifiki Kiritimati kutoka Songwe. Shirika la Qantas la Australia linajiandaa kuunganisha Sydney na London moja kwa moja, kama kilomita 17,000, saa ishirini na zaidi. Nayo bado ipo nyuma ya Kiritimati kwa zaidi ya kilomita elfu moja.

Kwetu Afrika Mashariki taji ni la Nairobi–New York. Kenya Airways ilianza kuiruka tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8. Umbali ni kilomita 11,840 hivi. Kwenda ni kama saa kumi na tano, kurudi ni kama saa kumi na nne, na tofauti hiyo ina sababu yake. Kule juu, hasa kwenye anga la Atlantiki ya kaskazini, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani inapambana nazo, inayorudi inasukumwa nazo. Njia ni ileile, kilomita ni zilezile, na bado unalipa saa nzima ya ziada kwa kuelekea upande usiopendelewa na upepo.

Mtu akichukua ramani ya ukutani na rula atashangaa njia za ndege hizi zinavyopinda. Achukue tufe badala yake, abane ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, auvute ukaze. Uzi utapita juu ya Sahara, utokee baharini huko kaskazini-magharibi mwa Afrika, upande kaskazini, kisha ushuke pwani ya Marekani. Huo ndio mstari mnyoofu kwenye dunia ya mviringo, na ramani ya karatasi ndiyo inayoupinda.

Mwinuko nao unakula masafa. Uwanja wa Jomo Kenyatta upo mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi: mabawa yanashika hewa kidogo, injini zinavuta hewa kidogo, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana njia ya kurukia ya Nairobi ina zaidi ya kilomita nne. Addis Ababa ni mbaya zaidi, mita 2,300 na kitu, na Ethiopian Airlines kwa miaka mingi imekuwa ikizitua ndege zake za Marekani njiani, Ulaya au Afrika Magharibi, ili ziongeze mafuta, kwa sababu haziwezi kunyanyuka Addis zikiwa na tangi zilizojaa pamoja na abiria wote. Wakati wa kurudi zinatokea uwanja wa chini na hazina shida hiyo. Dar es Salaam ipo karibu kabisa na usawa wa bahari, na Boeing 787-8 za Air Tanzania (ATCL) zinaondoka hapo na mzigo wake kwenda Guangzhou, China, kilomita 8,700 hivi. Hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika njia za shirika letu.

Hadithi hiyo ya hewa nyepesi inaihusu Mbeya moja kwa moja. Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichobanwa na mji, kipo mita 1,300 na zaidi juu ya bahari, na njia yake ya kurukia ina mita 3,330. Ni ndefu kuliko ya Julius Nyerere, Dar es Salaam, inayopokea ndege za kutoka mabara mengine. Si majivuno ya wajenzi, ni hewa ya Mbeya.

Mbeya kwenye njia ndefu ya Afrika

Kuna rekodi ya Mbeya ambayo vijana wengi hawajawahi kuisikia, na ningependa ifundishwe shuleni kule. Mwaka 1932 Mbeya ilikuwa kituo rasmi kwenye njia ya ndege ndefu kuliko zote Afrika.

Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilikuwa limefika Mwanza mwaka 1931. Januari 1932 likaongeza njia hadi Cape Town, kwanza kwa barua, na kuanzia Aprili kwa abiria. Vituo vilikuwa hivi: Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, Salisbury, ambayo leo ni Harare, kisha Bulawayo, Johannesburg na kuendelea kusini. Kutoka London hadi Cape Town ratiba ilihesabu siku kumi na moja hivi. Hakuna aliyeruka usiku. Jua likitua abiria wanalala hotelini, alfajiri wanaamshwa, wanakunywa chai, wanapanda tena. Sehemu ya Ulaya, kutoka Paris hadi bandari ya Brindisi kusini mwa Italia, hawakuruka kabisa, walipanda treni.

Fikiria mguu mmoja tu wa safari hiyo, Dodoma hadi Mbeya. Ni kama kilomita 400. Ndege za Atalanta zilizoletwa kwenye njia hiyo mwaka 1933 zilikuwa na injini nne na zilienda kilomita 190 kwa saa, kwa hiyo ni zaidi ya saa mbili za mtikisiko juu ya mbuga ya Usangu, na milima ya Uporoto ikisubiri mbele. Mbeya yenyewe ilikuwa mji mchanga uliochangamshwa na dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Barua ya mchimbaji wa Chunya iliyopandishwa ndege Mbeya ilifika London ndani ya juma moja na siku chache. Kwa meli ingechukua wiki kadhaa, bila kuhesabu mwendo wa kuifikisha pwani.

Haikudumu. Mwaka 1937 Imperial Airways ilihamia kwenye ndege za kutua majini, na ndege ya majini inataka maji. Njia mpya ilitoka Kisumu ikashuka Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Kisiwa cha Msumbiji, Beira, hadi Durban. Dodoma na Mbeya zikaachwa. Lindi, kwa sababu tu ya ghuba yake tulivu, ikapata nafasi kwenye njia ya dunia. Mji unaweza kupata au kupoteza saa zake kwa uamuzi uliofanywa ofisini mbali sana, na mji huo usiulizwe.

Saa 95 bila kufika

Rekodi nyingine inayotuhusu ni ya safari ambayo haikufika. Mwezi Novemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewachosha watu wa Tanganyika, Wajerumani waliamua kumpelekea jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck mahitaji kwa njia ya anga. Walitumia puto kubwa la kijeshi, L.59, lenye urefu wa mita 226 na limejazwa gesi ya hidrojeni. Liliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba likiwa na tani kama kumi na tano za risasi, bunduki za rashasha na dawa. Nahodha alikuwa Ludwig Bockholt.

Chombo hicho hakikutarajiwa kurudi. Kikifika, kingevunjwa chote kitumike: turubai lake la nje liwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bendeji, mifupa yake ya chuma chepesi iwe milingoti ya redio. Kilivuka Mediterania, kikashuka Misri na jangwa la Sudan, na mchana joto lilikirusha juu, usiku baridi ikakiangusha. Magharibi ya Khartoum kikapokea amri kwa redio kwamba kigeuze, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamesonga mbele na hakukuwa tena na pahali salama pa kutua. Kilirudi Jamboli tarehe 25 Novemba. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Jumla yake ni kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua, rekodi kubwa kwa chombo cha kijeshi cha wakati ule. Gawanya: ni kilomita 71 kwa saa, mwendo wa basi letu la mkoani. Wanahistoria wa Ulaya huisimulia safari hii kama ushujaa wa ufundi, na ufundi ulikuwepo. Mimi nawakumbuka mamia ya maelfu ya wapagazi waliobebeshwa vita hivyo begani, wa pande zote mbili, wakipita Mahenge na Iringa na bonde la Kilombero. Kama zile tani kumi na tano zingefika, wao ndio wangezibeba kuanzia pale.

Miaka miwili na ushei baadaye, Februari 1920, marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Uingereza kwenda Cape Town. Walikuwa wa kwanza kufika, ila walivunja ndege mbili wakamalizia kwa ya tatu. Siku 45 kwa jumla, na kati ya hizo muda wa kuwa hewani haukuzidi saa 110. Siku arobaini nyingine zilikuwa za ardhini: kusubiri, kutengeneza, kuomba ndege nyingine. Wapinzani wao waliotumwa na gazeti la The Times walianguka Tabora wakati wa kunyanyuka, tarehe 27 mwezi huohuo, na safari yao ikaishia hapo.

Fupi kuliko zote

Hapa sitakaa sana. Rekodi ya dunia ni ya visiwa vya Orkney, Scotland, kati ya Westray na Papa Westray: kilomita 2.7, dakika mbili hivi kwa ratiba, na upepo ukiwa mzuri haifiki dakika moja. Kwetu, ukiacha vindege vya watalii vinavyoruka kutoka kiwanja cha vumbi hadi kingine ndani ya Serengeti na Maasai Mara, njia fupi inayojulikana na kila mtu ni Dar es Salaam–Zanzibar, kilomita 73, dakika ishirini. Boti ya mwendo kasi inachukua karibu saa mbili. Lakini boti inaondokea katikati ya jiji na kufikia Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe, wakati mwenye tiketi ya ndege anatakiwa kuipita foleni ya Barabara ya Nyerere, ajiandikishe mapema, akaguliwe, asubiri. Ukipima kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, wengi wanafika pamoja.

Kilomita za gharama kubwa

Mwishoni mwa mwaka 1965, baada ya serikali ya Ian Smith kujitangazia uhuru Rhodesia, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Kwa miezi kadhaa ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikaipelekea Zambia mafuta kwenye mapipa. Ndege inateketeza mafuta ili ibebe mafuta: sijui njia ghali zaidi ya kusafirisha petroli kwa umbali huo. Barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya nayo ilimeza malori mengi.

Dhiki hiyo ndiyo iliyoharakisha bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lililokamilika mwaka 1968, na baadaye TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa Julai 1976. Na kipande chake kigumu kuliko vyote kinaishia mlangoni kwa watu wa Mgololo. Kutoka Mlimba, kwenye joto la bonde la Kilombero, treni inapanda zaidi ya mita elfu moja kufika Makambako. Inaingia handaki, inatoka darajani, inaingia handaki lingine. Daraja la Mpanga limesimama kama mita hamsini juu ya mto. Ukikaa upande wa dirisha unaona kichwa cha treni kikipinda mbele yako kwenye kona huku mabehewa ya nyuma bado yapo ng'ambo ya korongo, na hewa inayoingia inabadilika kutoka jasho la Mlimba hadi baridi ya kuvaa sweta. Zaidi ya Wachina sitini walikufa katika ujenzi wa reli hiyo, na Watanzania na Wazambia pia. Baadhi ya Wachina hao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Kwa kilomita, Dar es Salaam hadi Mbeya kwa reli ni kama 850, kwa barabara ni kama 830, kwa ndege hadi Songwe ni 690. Tofauti ni ndogo. Kwa saa, treni ni karibu siku nzima pale ratiba inapotii, basi ni kutwa nzima, ndege ni saa moja na nusu au pungufu. Kwenye namba hizi ndiko kilomita zinakokosa la kusema.

Safari ya kurudi ulikotoka

Na hata hiyo saa moja na nusu ina masharti. Songwe ni kiwanja cha ukungu, na kwa miaka mingi tangu kifunguliwe kilifanya kazi bila taa za kuongozea ndege. Abiria wa enzi hizo wanaijua safari ambayo haimo kwenye orodha ya rekodi: Dar es Salaam–Dar es Salaam. Ndege inafika juu ya Mbeya, rubani anazunguka akitafuta tundu kwenye wingu, halipatikani, anageuza. Karibu kilomita 1,400 hewani, na unashuka kwenye jengo lilelile ulilopandia, na mgonjwa uliyekuwa unamfuata au mtihani uliokuwa unauwahi umekupita. Taa zilizofungwa baadaye zimeokoa saa za watu kuliko ndege yoyote ya mwendo kasi. Ningeziweka juu kabisa kwenye orodha hii.

Sasa mchukue mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo anayekwenda New York kumtembelea dada yake. Kiwanda hicho kipo huko ndani tangu miaka ya 1980, kati ya misonobari na mikaratusi, na karatasi zake hutoka kwa malori kwenye barabara ileile anayopita yeye. Kama ni kati ya Novemba na Aprili, udongo mwekundu umelowa na gari linaweza kulala njiani nyuma ya lori lililokwama. Akifika Mafinga anapanda basi la Dar es Salaam: anapita Iringa, anateremka Kitonga taratibu nyuma ya msururu wa malori, Ruaha Mbuyuni, kisha hifadhi ya Mikumi ambako mwendo umewekewa kikomo, kisha Morogoro, kisha foleni ya kuanzia Kibaha. Akijaliwa, saa kumi na tatu au kumi na nne baada ya kutoka nyumbani yupo Dar es Salaam. Amekwenda kilomita 650 hivi, karibu 50 kwa saa.

Kesho yake anaruka hadi Nairobi, na kutoka hapo anakaa hewani saa kumi na tano kwa mwendo wa karibu 790 kwa saa. Mguu wa Mgololo hadi Dar es Salaam na mguu wa Nairobi hadi New York, mmoja ukiwa zaidi ya mara kumi na nane ya mwingine kwa urefu, imemchukua karibu muda uleule. Lami ikikamilika kati ya Mafinga na Mgololo, na ndege zikitua kiwanja cha Nduli, Iringa, kila siku, mguu wa kwanza utakatwa nusu. Ule wa pili hakuna ndege ya abiria iliyopo leo inayoweza kuupunguza hata saa mbili.